Nusu Saa Mbele ya Mita ya Mama Kibibi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu Julia analijua hilo, ndugu zangu wa Masasi wanalijua, na wanafunzi niliowafundisha Newala walilijua zaidi ya wote. Nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma nitakapofika mahali ninapomtolea maneno mabaya Stamili, mwanamke ambaye hadi leo nikikutana naye njiani nasimama pembeni apite kwanza.

Stamili tunamwita Mama Kibibi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mtu wa Mkunya, darasa la saba, mfupi, mpole wa kuudhi. Aliingia karakana ya misheni yetu ya Newala kama mfagiaji. Fundi wa pale, mzee Alfredi, alitengeneza redio, vyombo vya kituo cha afya na chochote chenye waya, na mezani kwake palikuwa na mita ya kupimia umeme. Haikuwa ile ndogo ya kushika mkononi. Ilikuwa sanduku zito la kukaa mezani, lenye kioo kinachowaka namba nyekundu na matundu ya kuchomekea waya mbili za kupimia, moja nyekundu na moja nyeusi. Alfredi alimwambia afagie sakafu na kufuta meza, ila sanduku lile asiliguse. Akafagia miaka miwili huku akiangalia. Siku moja mzee alisoma namba vibaya, na aliyemsahihisha ni mwenye ufagio. Sifa nampa mzee yule: alicheka, akamvutia stuli.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Maduka ya Newala, ambayo tulizoea kuyaona na chumvi na viberiti tu, yakajaa redio mpya, saa za ukutani na mita ndogo za plastiki. Redio ikizimika watu walinunua nyingine. Misheni ikapunguza karakana, Alfredi akarudi shambani kwake Makote, na Mama Kibibi akabaki peke yake na sanduku lile, akihudumia vyombo vya kituo cha afya.

Mwenyewe niliwahi kumkuta asubuhi akiianza kazi, nikamcheka. Mita aliishonea shuka la kanga. Analivua, anawasha, halafu haipimi chochote kwa nusu saa nzima. Anakunywa chai. "Ikiwa baridi inasema karibu na kweli," aliniambia, "na mimi karibu siitaki." Nusu saa ikiisha anagusanisha ncha za waya mbili, namba zinashuka hadi sufuri, ndipo anaanza. Fyuzi ya mita ikiungua anangoja mpya kutoka Mtwara hata wiki mbili. Mafundi wengine wa mjini walikuwa wakifunga ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara juu ya fyuzi iliyokufa na kuendelea na maisha. Niliona ni maringo ya mtu mwenye kazi chache.

Mwaka tisini na tatu, mwezi wa kumi na moja, Julia alijifungua alfajiri, miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na robo. Nilimwona. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kama njiti za kiberiti, na hakulia, alitoa sauti kama mlango unaofunguliwa polepole. Sista Ethel, muuguzi wetu, alimfunga kifuani kwa mama mkwe wangu, kwa kuwa Julia alikuwa amepoteza damu na mwili wake wenyewe ulikuwa wa baridi. Akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, huyu anahitaji lile sanduku la joto. Kifuani hapa hapati joto la kutosha, na asubuhi hii kuna ukungu."

Sanduku la joto la watoto njiti lilikuwa moja tu, na halikuwa kituoni. Lilikuwa karakana kwa Mama Kibibi, limefungwa kamba nyekundu tangu wiki tatu nyuma. Alikuwa amelipima na kusema hita yake inavuja umeme kwenye bati la kitanda, yaani mtoto atakayelazwa humo anaweza kupigwa na umeme.

Nilivuka mbio uwanja ulio kati ya kituo na karakana. Nikaingia bila hodi wala shikamoo, nikashika ile kamba kuifungua. Yeye alikuwa ameshawasha mita, nusu saa yake imekwisha, na kikombe cha pili cha chai kiko mezani. Akaweka mkono juu ya wangu.

"Mwalimu, hilo linavuja."

"Mwanangu anakufa."

"Nimesikia. Ngoja nilipime tena, uone mwenyewe."

Akachomeka ncha moja kwenye waya wa hita, nyingine kwenye bati. Sanduku lingekuwa salama, kioo kingeonyesha alama ya kwamba hakuna njia kabisa ya umeme kupita. Kilionyesha namba: nne na ushee. Omu milioni nne, akanieleza, kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme, wakati yeye hakubali chini ya kumi kwa kitu cha kulaza mtoto. Wiki tatu nyuma ilikuwa sita. Inazidi kuharibika, alisema, kwa sauti ile ile ya upole.

Hapo hasira ikanipanda. Nilimwambia kwamba hajui kitu, kwamba ni mfagiaji aliyekalishwa kwenye stuli, na kwamba kibovu hapo si sanduku la mtoto, kibovu ni hilo lisanduku lake la kizamani analolivisha kanga. Nilitaka kumuumiza. Sikuwa na hoja yoyote, nilikuwa natafuta tu neno la kuchoma.

Mama Kibibi hakukasirika. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyetoa jibu asilolitegemea. Kisha akachomoa ncha zote mbili kutoka kwenye sanduku la mtoto, akaziinua hewani, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, mbali mbali kama mtu anayepima kitambaa.

Hazikugusa kitu. Kioo kikabaki kwenye nne na ushee.

"Kila siku nazigusanisha," alisema polepole. "Sijawahi kuziachanisha nikasoma namba."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kwa maneno machache: hewa haipitishi umeme huu, kwa hiyo namba ile haikutoka kwenye hita wala bati. Ilitoka ndani ya mita yenyewe. Akainama, akanusa matundu ya kuchomekea waya, akapitisha kidole. Kidole kilitoka na utando wa kahawia, wa kunata.

"Korosho," akasema.

Chini ya dirisha lake, tangu msimu uanze na wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia, jirani yake Oliva alikuwa akibangua korosho ili auzie abiria wa mabasi ya Tandahimba. Anachoma na maganda yake, na moshi wa maganda hubeba yale mafuta yanayobabua ngozi za mikono yetu sote. Moshi ulikuwa ukiingia dirishani, mafuta yakaganda kati ya matundu, ukungu wa asubuhi ukayalowesha, na umeme mdogo wa mita ukajipatia kinjia chake humo humo. Sisi tunaoishi na harufu ile hatuisikii tena. Yeye naye hakuisikia.

Nilidhani sasa tunabeba sanduku na kuondoka. Hakunipa. Alizima mita, akaichomoa ukutani, akafunga dirisha, akaniagiza kwa Sista Ethel nilete spiriti na pamba. Nikaleta. Akasafisha kila tundu, na waya zenyewe hadi kwenye ncha, akakausha kwa kitambaa safi, akairudisha kwenye umeme. Kisha akakaa kwenye stuli na kukunja mikono.

"Sasa nini?" nikamuuliza.

"Nusu saa."

Nilimwita jiwe. Nilimwita majina mengine ambayo siwezi kuyaandika, maana wanangu wanasoma. Nilienda kituoni, nikakuta mtoto anapumua na kusita, nikarudi. Alikuwa amekaa vile vile, macho kwenye saa, chai imepoa bila kuguswa. Alisema tu, "Ilinidanganya kwa kuwa niliiamini bila kuiuliza. Leo lazima niiulize kila kitu, Mwalimu. Kwa ajili yako."

Nusu saa ikaisha. Akagusanisha ncha: sufuri. Akaziachanisha: alama ya hakuna njia, inawaka na kuzima. Akatoa kwenye kopo la poda kirezista, kidude kidogo cha kuzuia umeme alichoachiwa na Alfredi, ambacho kipimo chake kinajulikana, omu milioni kumi kamili. Akakipima. Kumi. Ndipo akarudi kwenye sanduku la mtoto, hita na bati. Hakuna njia. Akarudia mara tatu, akihamisha ncha kila upande wa bati, na mara zote tatu hakuna njia.

Tulilibeba sisi wawili kuvuka uwanja. Wodini Sista Ethel alilichomeka ukutani, akanyoosha mkono kuwasha. Mama Kibibi akamzuia naye, nikadhani nitapasuka. Alivua viatu. Akamwaga kikombe cha maji kwenye sakafu ya saruji, akasimama peku kwenye maji yale ili umeme ukivuja umpate yeye kwanza, akageuza mkono wake na kuuegemeza mgongo wa vidole kwenye bati la kitanda. Mgongo, si kiganja, kwa sababu mkono ukipigwa na umeme hujikunja, na kiganja kingeng'ang'ania.

"Washa."

Ethel alinitazama mimi. Kicho kiliniingia ambacho sijawahi kukisikia hata kanisani. Ethel akawasha. Taa ndogo ikawaka, hita ikaanza kunguruma, na Mama Kibibi akasimama pale majini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, uso umetulia.

"Mleteni," akasema.

Mtoto akaingizwa. Ndiye Grace, ambaye leo ana watoto wake wawili na hasira zangu zote. Hita ilipopasha kitanda, midomo yake ilianza kupata rangi. Mama mkwe akalia, mimi nikalia. Mama Kibibi alibaki nyuma yetu, akashika mkono wa Ethel na kumvuta kando, lakini wodi ni ndogo, nilisikia.

"Sista, hizi wiki tatu nilizolifunga. Amezaliwa mwingine kabla ya miezi kutimia, akalikosa?"

Kumbe hilo ndilo swali alilokaa nalo ile nusu saa yote, mikono imekunjwa, huku mimi namwita jiwe.

"Hapana, Mama Kibibi," Ethel alimjibu. "Huyu ndiye wa kwanza."

Akashuka taratibu hadi chini, akakaa kwenye sakafu yenye maji, akajifunika uso kwa ncha ya kanga yake.