Rangi Iliyokataa Kuondoka

Pale maabara walimwita Bi Vioo. Miaka kumi na tisa alikuwa akipaka rangi nyama za wagonjwa juu ya vioo, zimekatwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Shahada hakuwa nayo, lakini wenye shahada zao walimwogopa, na walikuwa na haki.

Mwaka ule ilikuja dawa ya uvimbe, ya kujaribiwa. Ilikuwa ya wale tu ambao uvimbe wao una protini fulani, na iliyoitafuta protini hiyo ilikuwa kingamwili, maji ya kwenye kichupa: ikiipata inaishika, kioo kinageuka kahawia. Kioo cha mdogo wake, wa tumbo moja, naye ana uvimbe huo, kiligeuka kahawia ya kukolea. Mdogo mtu akafunga begi la hospitali siku hiyohiyo. "Dada, sasa nitawazika nyie wote!" akatania.

Lakini kazi hii ina ukorofi wake. Jumanne kikaletwa kipande cha protini ileile, kilichotengenezwa kwa bakteria. Unakichanganya kwanza na kingamwili, ishibe, ndipo unaimwagia kioo. Mtoto aliyeshiba kwao hagusi sahani ya jirani, kwa hiyo kioo kinatakiwa kibaki cheupe. Kisipobaki, ujue siku zote ilikuwa ikishika kitu kingine.

Kikawa kahawia. Akarudia, akazidisha kipande mara mia. Kahawia vilevile! Jamani, alilia na glavu mkononi, hana hata pa kujifutia.

"Umekosea kupima," mkubwa wa maabara akasema.

"Mimi?"

Mkubwa akainamisha macho. "Basi nyamaza. Mdogo wako si yumo?"

Bi Vioo alivuta daftari la kazi, akaandika, "Rangi imebaki," akatia sahihi.

Nyumbani alimkuta mdogo wake kitandani, begi miguuni.

"Majaribio yamesimamishwa."

"Nani kayasimamisha?"

"Mimi."

"Ungenyamaza tu, dada."

"Dawa isingekusaidia, mdogo wangu. Ingekuumiza bure."

"Najua. Lakini ningekuwa na kitu cha kusubiri."

Akavuta zipu, akaanza kutoa nguo moja moja. Dada mtu akazipokea, akazirudisha kabatini.