Miche Themanini ya Mushumbusi

Mushumbusi alivua samaki kisiwani Bumbire miaka kumi na tisa, mpaka siku injini ya mtumbwi ilipomwangukia gotini. Mguu ulipona, lakini haukukunjika tena. Akarudi Nshambya kwa mkewe, Edvina, akakaa mwaka mzima akitazama wengine wakienda kibanjani kulima migomba.

Jirani yao Mwamvita alikuwa na uzio wa haibiskasi nyekundu. Mushumbusi akamwomba matawi, akayachomeka kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya udongo, akayamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Wiki mbili baadaye yote yalikuwa meusi chini.

"Ta Mushumbusi, umeyazamisha," Mwamvita alimwambia, akimwita "Ta" kwa heshima ya Kihaya. "Haya si samaki."

Akamfundisha: tawi lisiwe changa wala gumu mno, urefu wa shubiri, likatwe mshazari, libaki na majani mawili. Udongo wenye mchanga, kivuli, maji kidogo. Safari hii yalichipua. Wavuvi wenzake walimcheka kwamba ameacha sangara anauza maua. Kazi hii aliiweza akiwa amekaa.

Mwaka wa tatu Annastella, mwalimu mkuu wa shule moja Kamachumu, aliagiza miche themanini ya uzio, ipandwe kabla ya mahafali. Zikiwa zimebaki siku nne, Mushumbusi aliona vidudu vyeupe kama pamba vimeng'ang'ania mashina. Alikuwa ameshaviosha kwa maji ya sabuni mara mbili mwezi ule. Vilikuwa vimerudi.

"Wapelekee tu," Edvina alisema. "Nani Kamachumu atavijua?"

"Mimi navijua."

Akaing'oa miche yote, akaichoma, kisha akampigia Annastella simu.

"Wiki iliyopita uliniambia ipo tayari, na wazazi nimeshawaambia," mwalimu alisema, akakata. Alinunua kwingine.

Kilichomuuma Mushumbusi zaidi ni kwamba alikuwa amejisifu mapema. Siku tatu hakukanyaga kitaluni. Ya nne akaanza kujaza viriba upya.

Mwaka uliofuata Annastella alifika Nshambya mwenyewe. Alieleza kwamba uzio wa shule umerefuka ovyo, maua mawili matatu tu.

"Haujakatwa tangu upandwe," Mushumbusi alisema baada ya kusikiliza.

"Njoo utuonyeshe."

Alikwenda na mkasi wake, akakaa kwenye kigoda, akawaonyesha wanafunzi jinsi ya kupunguza theluthi ya kila tawi. Annastella hakuitaja ile miche themanini. Alimletea chai, akamuuliza kama anaweza kuja kila muhula. Mushumbusi alikubali.