Mgonjwa wa Katlesi Nne

“Kuanzia stendi ya Kasulu mpaka Heru Juu, hakuna mwanamke anayenishinda kukaanga katlesi za samaki wa kopo,” anasema Vestina Niyonkuru, kifua mbele. Anageuza moja kwenye mafuta, anaitazama, kisha anaongeza kwa sauti ya chini: “Tena hakuna mwanamke mwingine anayezikaanga.”

Ni saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Ukungu umelala juu ya soko kama mlevi asiyejua kwamba kitanda si chake. Milima haionekani. Kinachoonekana ni jiko la mkaa, mwavuli uliovunjika mbavu mbili, na mikono ya Vestina ikifinyanga.

Mbele yake kuna sufuria ya muhogo uliochemshwa ukapondwa, na makopo manane ya jodari. Analichukua moja, lenye picha ya samaki wa buluu akiruka juu ya mawimbi. Kabla ya kulitoboa, analiweka sikioni na kufumba macho.

“Nasikiliza bahari,” anaeleza, kama mtu anayeeleza kwamba anasubiri maji yachemke. “Leo imetulia.”

Bahari yenyewe Vestina hajaiona. Wala hajaliona Ziwa Tanganyika, lililo mkoa huu huu alioishi kwa miaka yake yote hamsini na mmoja. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyatazama ni ya Mto Malagarasi, akiwa ndani ya basi kwenda arusini Kibondo.

“Niliamka tuko katikati ya daraja,” anakumbuka. “Maji huku, maji huku. Tulipovuka nikalala tena haraka, nisije nikaambiwa ilikuwa ndoto.”

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 na mkeka mmoja na mbuzi mmoja, mbuzi hakufika. Vestina alizaliwa Heru Juu miaka miwili baadaye, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Evaristi, mkulima wa maharage. Evaristi hali samaki wa aina yoyote. “Ila pesa ya samaki anaila vizuri tu,” anasema mkewe. “Hiyo haina mwiba.”

Ufundi wenyewe aliupata kwa kukosea.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa akimfulia nguo Kudra, muuguzi kijana aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga. Siku moja Kudra aliugua malaria, akashikwa na hamu ya chakula cha kwao. Akiwa kitandani, shuka mpaka kidevuni, akaanza kutoa maelekezo: kopo la samaki lipo kabatini, mkamue mafuta, umchanganye na viazi, kitunguu, ndimu na pilipili, finyanga, chovya kwenye yai, zungushia chenga za mkate, kaanga.

Viazi havikuwepo. Mkate haukuwepo. Mafuta ya alizeti yalikuwa yameisha tangu juzi. Vestina hakutaka kumsumbua mgonjwa kwa habari mbaya. Akachukua muhogo badala ya viazi. Akachukua chupa yake ya mawese. Na badala ya chenga za mkate akachukua ukoko wa ugali uliokuwa ukianikwa uani kwa ajili ya kuku, akautwanga.

Kudra alikula ya kwanza macho yamefumbwa. Machozi yakaanza kumtoka.

“Nikasema, Imana yanje, Mungu wangu, nimemuua muuguzi wa serikali!” Vestina anacheka mpaka mwavuli unatikisika.

Kudra, ambaye bado anafanya kazi hospitalini, analikumbuka tonge lile. “Haikuwa katlesi ya Tanga wala ya Kigoma,” anasema. “Ilikosea kila kitu mpaka ikapatia. Ukiiuma inalia kwanza, kama umekanyaga jani kavu, halafu ndani ni laini. Nililia kwa sababu nilisahau niko mbali na nyumbani.”

Siku hizi ukoko anaupata kwa rafiki yake Immakulata, mpishi wa shule ya msingi, anayeukwangua kutoka kwenye masufuria makubwa. Unaanikwa siku mbili, unatwangwa, unachekechwa. Wakati wa mvua ukoko hugoma kukauka, na katlesi hugoma kulia.

Wakati wa jua huuza katlesi mia moja na kumi kwa siku, kila moja shilingi mia tano. Akitoa makopo, mkaa na mawese, anabaki na shilingi elfu kumi na tano hivi. Mvua ikishika, kuna siku anarudi nyumbani na elfu nne na nguo zilizolowa. Tone moja la mvua likiingia kwenye mawese ya moto, mafuta huruka kama bibi harusi aliyekanyaga siafu. Mkono wake wa kushoto una alama saba za matone hayo. Anazijua kwa miaka yake.

Ndiyo maana mwaka huu hana usingizi mzuri. Soko limejengewa banda jipya, sakafu ya saruji na paa la bati. Upande wa samaki una meza tisa. Nane zimeshapata wenyewe. Vestina ameomba ya tisa, na amewekewa pingamizi.

Mweka pingamizi ni Longinus, mwenye meza namba nane, muuza migebuka na dagaa wa Kigoma. Ni mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya. Wamekuwa jirani sokoni kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna asubuhi iliyopita bila kurushiana neno.

“Mwakeye, Mama Uwimana!” anaita leo akipanga migebuka yake. “Umefukua makaburi mangapi?”

“Mwakeye, Baba Herieth. Manane. Yote ya ukoo wenu.”

“Samaki wa jeneza hao!”

“Wa kwako hajapata hata jeneza, analala na nzi.”

Hoja ya Longinus ni moja, na ameiandika kwa kamati ya soko kwa herufi kubwa. Meza ya samaki ni ya samaki. “Samaki unamjua kwa macho,” anafafanua, akimwinua mgebuka mmoja amtolee ushahidi. “Unamtazama, anakutazama, mnaelewana. Huyo wa kwake hana macho, ana mfuniko. Nani kamwona? Mimi sijawahi hata kumwonja.”

Kamati ikikubaliana naye, Vestina atabaki chini ya mwavuli, msimu wa mvua wa kumi na mbili.

Saa moja kamili, pikipiki inajitokeza ndani ya ukungu. Ni Raymond, kijana wa bodaboda. Hashuki.

“Nne, mama. Za mgonjwa.”

Hapo Vestina hubadilika. Hawi tena mwanamke wa kurushiana maneno. Anachagua kwa utulivu zile nne zilizokolea pembeni, rangi ya jua linapozama, anazikunja kwenye gazeti kana kwamba anafunika mtoto.

“Anaendeleaje?”

“Hivyohivyo, mama. Anasema jana ndimu ilipungua.”

“Ego, sawa. Mwambie leo nimeongeza.”

Tangu Pasaka ya mwaka jana, kila siku ya kazi, Raymond hununua katlesi nne za mgonjwa wa wodi ya wanaume. Vestina hajui jina lake. Aliwahi kuomba apelekwe akamwone; Raymond akakuna kisogo na kusema madaktari wamekataza wageni, ugonjwa wenyewe ni wa ndani.

Basi amemtengeneza mwenyewe, kidogo kidogo, kama anavyofinyanga katlesi. Ni mzee mwembamba. Amelazwa kitanda cha mwisho, dirishani. Hana ndugu wa karibu. Zinapofika zile nne, anazishika kwa vidole viwili na kula taratibu, akitazama nje. Na nje ya dirisha hilo, ambalo kwa kweli linatazama ukuta wa jengo jingine, Vestina huona maji tu, ya buluu, mpaka mwisho wa macho.

“Nikifumba macho kanisani namwona,” anasema. “Nimemwombea kila Jumapili. Siku nyingine naweka ya tano, ya bure, ya dawa.”

Kudra amemwambia mara mbili kwamba hakuna mgonjwa anayelazwa muda wote huo pale. Vestina hataki kusikia. “Kudra anawajua waliopona na waliokufa,” anajibu. “Huyu wangu yuko katikati.”

Akipata meza, ameshapanga la kufanya. Siku ya kwanza atapanda pikipiki ya Raymond mpaka hospitali, madaktari wapende wasipende, akamwambie mzee wa dirishani kwamba kiti chake kipo sokoni, kwenye kivuli. Halafu ataweka nauli kidogo kidogo. Mwakani, maharage yakishavunwa, yeye na Evaristi watateremka Kigoma.

“Nitasimama kando ya ziwa kwa adabu,” anasema, macho yakiwa ndani ya kikaango lakini hayaoni mafuta. “Nitaliambia: hodi. Mimi ndiye yule wa Kasulu. Samahani, miaka yote hii nimekuwa nikisikiliza ndugu yako.”

Jumatano, saa nne asubuhi, kamati inakaa kwenye kreti tupu mbele ya meza namba tisa. Mwenyekiti ni Mzee Sylvesta, fundi baiskeli. Katibu ni Verediana, muuza khanga. Jana yake mvua imenyesha mchana kutwa. Raymond ameegesha pikipiki karibu, anasema anapumzisha injini.

Vestina amevaa kitenge cha Jumapili. Ameleta sinia lenye katlesi kumi na mbili, limefunikwa kitambaa.

Longinus anasoma pingamizi lake wima, mpaka kwenye nukta. Anamaliza kwa kuinua mkono wa kulia. “Sijawahi kutia kitu kile mdomoni, na sitatia. Imana ananiona. Kwa hiyo siwezi kusema ni samaki.”

“Mama Uwimana, unasemaje?” anauliza Mzee Sylvesta.

Vestina ameandaa maneno tangu Jumatatu. Yote yamemtoroka. “Mimi nasema… karibuni,” anajibu, na kufunua sinia.

Mzee Sylvesta anafikiri. “Macho ya samaki huyu hatutayaona,” anasema hatimaye. “Basi tutumie ulimi. Kila mjumbe achukue moja. Baba Herieth, hutalazimishwa.”

“Nashukuru,” anasema Longinus, na kugeukia pembeni.

Wanakula. Kwa muda kinachosikika ni kutafuna, na mbali kidogo mashine ya kusaga. Verediana anafumba macho. Mzee Sylvesta anaitazama nusu iliyobaki mkononi kama mtu aliyepokea barua.

“Huyu ni samaki,” anasema.

“Samaki kabisa,” anaitikia Verediana bila kufumbua macho. “Tamu mpaka kisogoni. Sijawahi kula kitu kama hiki.”

“Na hili ganda lake! Hili ganda!”

Longinus ameanza kuhangaika kwenye kreti lake. Anavuta shati. Anakohoa. Ana sura ya baba anayesikia wageni wakimsifu mtoto asiye sahihi. Wajumbe wanachukua za pili, wanasifu tena, na hapo anashindwa.

“Mnasifu nini?” anafoka. “Hizi? Hizi ukoko wake haukukauka, jana mvua imenyesha kutwa! Hazilii hata kidogo, zinanung'unika tu! Mngekula za Jumatatu, jamani. Za Jumatatu zilikuwa zinalia mpaka unaona haya watu watasikia! Tena ndimu ilikuwa imekaa pale pale, haijazidi, haijapu…”

Verediana amefumbua macho. Mzee Sylvesta anaweka kipande chake juu ya goti, polepole.

“Za Jumatatu, Baba Herieth?”

Longinus anamtazama Raymond. Raymond amepiga magoti anakagua mnyororo wa pikipiki ambao hauna tatizo lolote.

“Nimesikia watu wakisema,” anasema Longinus.

“Watu gani?”

Katibu Verediana anafuta vidole kwenye khanga, anachukua kalamu, na mbele ya namba tisa anaandika: *Vestina Niyonkuru. Samaki.*

Vestina hashangilii. Anamtazama jirani yake kwa muda mrefu: unene ule, usafi ule, mashavu yale yanayong'aa kwa afya. Mzee mwembamba wa dirishani anaondoka kitandani taratibu, anavuka maji yote yale ya buluu, anakuja kukaa juu ya kreti lililo mbele yake.

Anachukua katlesi ya mwisho, anaikunja kwenye kipande cha gazeti, na kumwekea Longinus mkononi. Kisha anamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja.

“Pole, Baba Herieth,” anamwambia. “Homa imeshuka?”