Asiya, Fundi wa Mikono

Asiya binti Alimasi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja kama mwanafunzi, lakini Rumonge, mji wa kando ya ziwa, kuna watu wazima wanaoapa kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kuandika.

Mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mume alikuwa amemwacha, naye amerudi kwa baba yake, Mzee Alimasi, mshona nguo wa mtaa wa Waswahili. Alisuka mikeka na kuiuza sokoni. Wiki chache baada ya bendera mpya kupandishwa, mtawa mmoja aliyeitwa Masera Sabine alisimama mbele ya mikeka ile, asiulize bei. Alikuwa anatazama vidole vya msukaji. Mwisho akamuuliza kama anaweza kumfundisha kusuka mtoto ambaye vidole vyake havikunjiki. Asiya akajibu kwamba hajui, ila angependa kumwona kwanza huyo mtoto.

Jibu hilo lilimpendeza Masera. Katika shule ya misheni alikuwa na watoto tisa waliopooza mkono au mguu kwa ugonjwa uliopita ufukweni miaka ya nyuma. Yeye alikuwa amesomea kwao Ulaya kazi ya kuwarejeshea watu wa namna hiyo uwezo wa kujifanyia mambo yao: kufunga vifungo, kushika kijiko, kukaa kitini bila kuanguka, kuandika. Alihitaji msaidizi.

Mzee Alimasi hakupenda. Binti wa Kiislamu akafanye kazi kwa mapadri, watu wa msikitini watasemaje? Alimweleza Masera hivyo uso kwa uso, naye Masera akaahidi kwamba dini ya Asiya haitaguswa, na kila Ijumaa ataachiwa mapema. Mzee alichukua utepe wake wa kupimia, akampima binti yake gauni la kazi lenye mikono mirefu. Nyumba nzima ikajua kwamba amekubali.

Kazi ilimkaa Asiya kama ngozi yake. Alikanda misuli iliyosinyaa kwa vitambaa vya maji moto, akawasukisha watoto vipande vya mikeka ili vidole vipate nguvu, akakaa na mtoto mmoja asubuhi nzima kwa ajili ya kifungo kimoja. Baada ya muda akaanza kuona mambo ambayo hata Masera yalimpita. Walimu walilalamika kwamba mtoto mmoja ni mvivu, kila saa kalalia meza. Asiya akachuchumaa chini, akatazama miguu yake inavyoning'inia, akamwita Maneno seremala aikate miguu ya benchi. Uvivu ukaisha siku hiyo hiyo.

Mwaka 1967 Léonard, mkamuaji mawese wa kijiji cha Kizuka, alimleta binti yake Émérance nyuma ya baiskeli. Mtoto alikuwa na miaka saba. Mkono wa kulia ulilegea kabisa, na wa kushoto ulikuwa na vidole vyenye uhai lakini kidole gumba kimekufa. Mwalimu wa darasa la kwanza alisema wazi kwamba huyu atasikiliza tu, kuandika hataweza. Asiya hakubishana naye. Alichomeka kalamu kwenye gunzi la mahindi, likateleza. Akajaribu mpira wa baiskeli, ukamkata hadi kutoka damu. Mwezi wa tatu wa kujaribu akasuka kikuku cha ukindu laini, akakiwekea bitana kwa vipande vya kitambaa vya baba yake, na pembeni akaacha tundu la kalamu. Kikakaa. Émérance aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, kubwa kama kikombe, imelala upande. Léonard alipoonyeshwa alilikunja daftari, akalirudisha, akasema "murakoze", yaani asante, mara tatu, kisha akaenda kusimama nje peke yake.

Miaka mitano ikapita, ikaja 1972. Mwishoni mwa Aprili mauaji yalianza huko huko kando ya ziwa, na yaliyofuata baadaye yalikuwa makubwa kuliko yaliyotangulia. Shule ilifungwa. Masera aliondolewa pamoja na wageni wengine, hakurudi. Léonard alitoka asubuhi kwenda kuangalia mawese yake, naye hakurudi. Mama yake Émérance, Bora, alimbeba binti yake mgongoni kutoka Kizuka hadi kwa Mzee Alimasi, na Asiya akawatandikia mkeka bila kuuliza swali.

Shule ilipofunguliwa tena, madawati mengi yalikuwa matupu. Kati ya watoto wa Asiya waliorudi ni wanne. Direkta mpya wa shule, Bwana Hubert, alipekua makaratasi yake, akamwambia kwa upole kwamba kazi yake haimo, maana Masera aliianzisha kienyeji, bila maandishi. Asiya akamwuliza kama amefukuzwa. Direkta akasema hawezi kumfukuza mtu ambaye hayumo. Basi kesho yake akaja, na keshokutwa, akafanya kazi kama jana.

Mwaka uliofuata Émérance alifika kwenye mtihani wa kuingia sekondari. Msimamizi aliyetumwa kutoka Bujumbura aliona kikuku mkononi mwake, akaamuru kivuliwe, maana chombo chochote cha ziada kimekatazwa. Mwalimu aliinamisha kichwa. Asiya, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia ndani.

"Bwana, hicho ni cha kushikia kalamu tu," alisema. "Uvae wewe mwenyewe, uandike. Ukisikia kinakwambia jibu, mutoto atatoka."

Msimamizi alimtazama, akakivaa. Alikunja gumba lake ndani kama Asiya alivyomwonyesha, akajaribu kuandika jina lake. Ikatoka mistari ya kuku. Akajaribu tena. Kisha akakivua taratibu, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Aendelee," akasema.

Majina ya waliofaulu yalipofika, ya shule ile yalikuwa matano, na la Émérance la pili. Bora alilia kwa ajili ya yule ambaye hakuwepo kusikia. Asiya hakulia. Alipita mtaani na gauni lake la kazi, kichwa juu, akimwamkia kila mtu, hata waliosema zamani kwamba atabatizwa. Wiki hiyo Bwana Hubert aliandika jina lake kwenye orodha ya wafanyakazi, na kwa kuwa hakujua amwite nani, akaandika: msaidizi wa mikono.

Miezi miwili baada ya Émérance kuanza sekondari Bujumbura, barua ikaja. Direkta akasoma kwa sauti: hajambo, amepata marafiki, hesabu ni ngumu. Asiya aliiomba karatasi ile, akaigeuza kwenye mwanga. Kusoma hakujua, lakini aliona jinsi mistari ya juu ilivyonyooka na ya chini ilivyokandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

"Mwandikie," alimwambia direkta, "kiwiko chake iko hewani. Akiweke juu ya meza."