Zaina Alipohamia Baleni

Juzi nilipita nyumba mpya ya mdogo wangu, nikamkuta anakula na mkewe na mtoto wao, watatu tu. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Chole, enzi ambazo nyumba ilijaa watu na wote niliwadhani ndugu.

Ua ulinukia nazi iliyokunwa. Zaina, aliyenilea, alikuwa akifunga nguo zake. Nilimwita mama mdogo, nikiamini yeye na mama ni tumbo moja.

"Unakwenda wapi, mama mdogo?"

"Baleni, mwanangu. Nakwenda kwangu."

"Utarudi lini?"

"Muulize baba yako."

Nilimuuliza. Baba alijibu taratibu, "Zaina si wetu tena."

Nilidhani wamegombana. Nililia, nikamsihi baba amtake radhi, naye akaingia ndani. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba Zaina alikuwa mjakazi wetu, na siku ile alikuwa amepata uhuru wake.

Baada ya miaka nilimkuta Baleni, akimenya muhogo mlangoni pake pamoja na mumewe.

"Shikamoo, mama mdogo," nilisema. Kwetu hakuna aliyewahi kumwamkia hivyo.

Aliweka kisu chini, akanitazama, ndipo akaitika, "Marahaba."