Phyllis wa Kinango na Phyllis wa opera

Jina la bibi yangu leo limenyamazisha darasa zima!

Kesho tunaandikisha majina ya mtihani, nami nilikuwa nimeamua kuliacha hili la Phyllis. Nimelirithi kwa bibi mzaa baba, na wenzangu huniamkia, "Shikamoo, Bibi!"

Leo mwalimu wa fasihi akatuambia ni jina la Wagiriki wa kale.
Katika hadithi zao ni binti mfalme.
Katika mashairi ni msichana mchunga mifugo.

"Kumbe wa Kinango!" mwenzangu Mwanasha akadakia, maana kwetu Kinango sisi wasichana tunachunga mbuzi. Wakacheka wote, hata mimi.

"Na kwenye opera, tamthilia ya kuimbwa," mwalimu akaendelea, "mchunga huyo husimama akaimba, na ukumbi mzima humsikiliza."

Kimya, jamani.

Nimemsimulia Baba, ambaye huniita mama kwa sababu ya jina hilo.
"Basi mama, bado unaliacha?"

Siliachi, Baba.

Nanyi, mmerithi jina la nani?