Ngazi Aliyotufundisha Profesa

Mwaka 2017 nilikuwa nashona nguo Malvern, mtaa wa Johannesburg, kwenye chumba kinachotazama barabara ya Jules, na profesa wangu wa usanifu wa majengo alikuwa amekaa kwenye kochi langu akipofuka. Alikuja kutoka Lubumbashi na mfuko mmoja wa nguo. Hospitali walimwambia presha ya macho imeshaharibu kisichotengenezeka, na nuru iliyobaki ingeondoka ndani ya miezi.

Hakulia. Aliomba tu nimpeleke mjini akaone ngazi.

Ngazi hiyo niliijua. Picha yake ilibandikwa ukutani darasani kwetu Lubumbashi: jengo la zege katikati ya Johannesburg, la enzi ile wasanifu walipochoka na mapambo wakapenda mistari mitupu, na ndani yake ngazi ya mviringo ikipanda kando ya ukuta mzima wa kioo. Majengo mengine ya namna ile aliyotufundisha yalikuwa Ulaya, na viza alinyimwa mara tatu. Hili ndilo pekee ambalo mtu angeweza kulifikia kwa basi. Miaka ishirini alifundisha jinsi jua la asubuhi linavyoingia pale, na hakuwahi kupakanyaga. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Michoro yangu ilimchosha hata yeye, mtu mwenye subira.

"Wiki ijayo, prof," nilimwambia. Kulikuwa na sare za kwaya za Pasaka. Kisha ikaja harusi, kisha harusi nyingine. Wiki ijayo yangu ilichukua miezi mitatu, na sina wa kumsingizia.

Siku tuliyokwenda, ilibidi nimshike mkono kila tulipovuka barabara. Chini ya jengo palikuwa na kanisa, juu waliishi watu. Shemasi wa mlangoni, Mkongo mwenzetu, alituruhusu kupita. Ngazi ilikuwepo. Kioo hakikuwepo. Ukuta wote ulikuwa umezibwa kwa mabati, chini hadi juu, na nguo mbichi za wapangaji zilianikwa kwenye vyuma vya pembeni. Niliona aibu, kana kwamba mabati yale niliyapiga misumari mimi.

Profesa alipanda vipandio vitatu, akasimama, akainua uso.

"Mutoto yangu, miye naona giza tu. Jua iko naingia?"

"Iko naingia, prof. Kama kwa picha."

Ningeweza kuishia hapo. Nikaendelea. Nikamweleza vivuli vinavyoshuka kipandio kwa kipandio, vumbi linalometa, mwanga uliojaa hadi juu. Sikuwahi kueleza jengo vizuri namna ile darasani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akanyoosha kiganja upande wa kioo na kukiacha hewani.

"Kama jua iko naingia, juu ya nini siko nasikia moto?"

Akasogeza mkono mpaka ukagusa bati, nalo likalia.

"Hata ungenileta mbele, kabla ya macho kuzimika, tungekuta tu bati," akasema taratibu. "Lakini ningeliona miye mwenyewe. Sasa nabakia na maneno yako."

Alikaa kwangu miaka miwili zaidi. Hakuniuliza tena kitu chochote kikoje. Akitaka kujua kama mvua inakuja, alimwita jirani.